Kona Ambayo Sikuipima

Habari za kifo cha Deus nilizipata asubuhi kwenye simu, katika kundi la sisi tuliosoma pamoja chuo. TANZIA kwa herufi kubwa, na chini yake picha yake ya zamani akiwa amechomeka kalamu sikioni. Nilikuwa nakunywa chai na chapati. Nikasoma mara mbili, nikalaza simu kifudifudi mezani, nikamalizia chapati. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani nililia. Sikulia. Wenzangu walikuwa wakituma mikono ya kusali na mioyo iliyopasuka, mmoja akaandika "tumempoteza jembe letu", mtu ambaye miaka yote hiyo hakuwahi hata kumpigia simu. Wala mimi sikuwahi. Nikaandika "Poleni sana wote", nikaenda kuoga. Nina miaka hamsini na miwili na nimeshajijua. Wapo wanaopigwa na jambo wakapiga yowe. Mimi hufa ganzi, na ganzi yangu ikishika hukaa kuliko hilo jambo lenyewe.

Nilivuka kwenda Nansio kwa meli siku hiyo hiyo, nikawahi maziko ya kesho yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga kwa Deus, ingawa alinikaribisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nyumba ya mwalimu, bati limeanza kutu, viti vyote vimetolewa nje chini ya turubai, na sebuleni magodoro na mikeka ya wanawake. Mjane wake, Bernadeta, alikuwa amekaa ukutani na kanga begani. Walipomtajia jina langu akainua kichwa. "Ndiye wifi Adela?" Nikapiga magoti, nikamwambia ndiye mimi, pole sana wifi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, wala hakuuachia. "Amekutaja mpaka wiki ya mwisho," akasema. "Nikajisemea, huyu akija nitamshukuru kwa mdomo wangu." Nikauliza kwa lipi. "Kwa kumwonyesha kosa lake kule Mwanza. Wengine wangemcheka tu. Wewe ukampa namba iliyo sahihi, akaondoka nayo. Humu ndani namba yako anaijua hata kitinda mimba. Tatu nukta nne." Wanawake waliokuwa karibu wakaitikia, mmoja akasema Mungu akubariki. Wakaniletea ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, nikala nikamaliza sahani.

Niseme sasa hivi, nisimzungushe mtu: ile namba niliitunga. Deus aliondoka Mwanza akiamini kwamba amekosea hesabu, akaacha uhandisi, akafundisha hisabati kisiwani maisha yake yote, na aliyemwaminisha hivyo ni mimi, kwa maneno mawili ya asubuhi moja na namba moja ya mchana wake. Kama kweli alikosea au hakukosea, siku ile nimeshikwa mkono na mjane wake, sikuwa najua. Sikuwa nimewahi kupima.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ofisi yetu ilikuwa Mkuyuni, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chini walipakua saruji tangu saa moja asubuhi, hivyo meza zetu zilikuwa na vumbi la kijivu ambalo ukilifuta saa mbili, saa nne limerudi kama vile hujafanya kitu. Vyumba vilikuwa viwili. Cha mbele chetu, mimi na Deus. Cha nyuma cha Mzee Kato, mwenye ofisi, na katikati plaiwudi isiyofika darini. Kila alichosema Mzee Kato kwenye simu tulikisikia, na nadhani alijua tunakisikia. Kompyuta zilikuwa mbili, lakini programu ya kuchanganua majengo ilikuwa na ufunguo mmoja, kidude cha kijani mfano wa flashi za siku hizi, na bila kukichomeka nyuma ya kompyuta programu haifunguki. Basi tuliishi kwa zamu. Mmoja akiwa na ufunguo, mwingine anachora ngazi na mashimo ya maji taka. "Dada, nipe ufunguo na mimi nionje," Deus angesema. "Subiri nishibe," ningemjibu. Umeme ukikatika tulikuwa na betri ya dakika kumi na mbili, na majengo makubwa yalichukua dakika ishirini kuhesabiwa, kwa hiyo tulijifunza kusikiliza feni. Feni ikianza kuzembea, unahifadhi kazi kwanza, unasali baadaye.

Deus alikuwa mrefu, mwenye kola iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, na kila akitoka kwao alileta michembe, viazi vitamu vya kukausha, kwenye mfuko wa nailoni, tukaitafuna na karanga saa nne. Alikuwa mtu wa utani. "Ninyi Wahaya hata chafya mnapiga kwa Kiingereza," alinambia siku ya kwanza. Nikamwambia na ninyi wa kisiwani mkishuka melini mnauliza Mwanza inafungwa saa ngapi. Akacheka mpaka Mzee Kato akagonga plaiwudi. Tuliitana kaka na dada tangu wiki ile. Mchana tulishuka kwa mama ntilie nyuma ya duka, sato na ugali, na Deus alikuwa na tabia ya kupiga mahesabu kwa njiti ya kiberiti kwenye meza yenye unga, huku chakula kinapoa. Hakuwa mwepesi wa kompyuta kama mimi. Aliamini mkono. Programu ikimpa jibu, alichukua karatasi ya mistari akalitafuta jibu lile lile kwa kalamu, na asipolipata hakulala vizuri.

Kazi yenyewe iliyotuharibia ni rahisi kuieleza. Jengo likisukumwa na upepo au ardhi ikitikisika, kila sakafu husogea kidogo kuliko iliyo chini yake. Sisi ofisini tuliita drifti. Kwenye programu unabofya pointi mbili za nguzo moja, ya chini na ya juu yake, programu inakuonyesha ya juu imeizidi ya chini kiasi gani, unagawanya kwa urefu uliopo kati yao. Kikomo chetu kilikuwa milimita tano kwa kila mita ya urefu. Ukivuka hapo, kuta zinapasuka, na ukivuka sana nguzo zenyewe zinaanza kuchoka. Kwenye kiwanja tambarare haina shida, pointi zote za sakafu moja husogea karibu sawa, na Mzee Kato alitufundisha kubofya nguzo ya katikati tu. "Katikati ndiyo wastani," alikuwa akisema. "Usizunguke zunguke." Alikuwa amejenga hivyo miaka mingi, maghala, maduka, shule, wala hakuna kilichomwangukia mtu.

Halafu ikaja hosteli ya wasichana wa chuo, ghorofa nne, kule Ilemela kwenye mlima wa mawe. Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa: jiwe kubwa kuliko nyumba limekaa katikati ya kiwanja, wala halivunjiki kwa bei ya binadamu. Wenyewe waliamua kulijengea juu. Nguzo za upande wa mlima na zile za katikati zikasimama juu ya jiwe, fupi, mita moja na nusu mpaka sakafu ya kwanza. Upande wa ziwani ardhi ikaporomoka, nguzo zikawa ndefu mara nne. Tulikwenda kuliona tukiwa watatu pamoja na Masanja, fundi mkuu, Msukuma mmoja mwenye viatu vya matairi ambaye alipanda lile jiwe kama anapanda kitandani kwake. Mimi nilikuwa nahesabu nguzo. Deus alisimama kule chini, kwenye kona ya ziwani, akaangalia juu muda mrefu. "Mzee Masanja," akaita, "wewe ungelala kwenye chumba cha kona hii?" Masanja akacheka. "Mimi nirare chumba cha wasichana, kaka? Mke wangu anaua." Tukacheka wote, tukarudi mjini.

Kazi ile ilikuwa yangu. Mzee Kato aliagiza ufunguo usitoke kwangu mpaka hosteli iishe, na Deus akapewa michoro ya ghala. Nikajenga jengo lote ndani ya programu, nikalisukuma na tetemeko la kwenye kitabu, nikabofya nguzo ya katikati kama nilivyofundishwa. Milimita moja na kidogo. Nikaandika kwenye ripoti. Na kweli ilikuwa milimita moja na kidogo, kwa sababu nguzo ya katikati ilikuwa imesimama juu ya jiwe, na nguzo fupi juu ya jiwe haiendi popote. Nilipima pale ambapo jengo haliwezi kusogea, nikaandika kwamba jengo halisogei. Leo mwanafunzi wangu akinifanyia hivyo namrudisha mlangoni. Jengo limeshikwa upande mmoja na kuachiwa upande mwingine. Ukilisukuma halisogei, linajizungusha, na kinachosafiri ni ile kona ya mbali.

Deus aliliona kwa macho, pale chini ya kona, halafu akakaa siku nne na karatasi zake za mistari. Siku ya tano, tukitafuna michembe, akanisogezea karatasi kumi na moja zilizobanwa kwa pini. "Dada, nimepata nane na nukta moja kona ya ziwani. Kikomo ni tano. Hebu bofya tuone." Jengo lilikuwa wazi kwenye kompyuta yangu. Pointi mbili. Nikamwambia nitabofya kesho, namalizia michoro ya nondo. Kesho yake akauliza, nikasema kesho. Siku ya tatu hakuuliza kwangu, alikwenda kwa Mzee Kato na karatasi zake. Sikumkatalia Deus, hilo nataka lieleweke, sikuwahi kumwambia hapana. Wiki ile kitabu changu cha mafunzo kilikuwa juu ya meza ya Mzee Kato. Mhandisi kijana hawezi kusajiliwa bila kitabu hicho kusainiwa na mkubwa wake, ukurasa kwa ukurasa, na kona ikizidi kikomo maana yake michoro yote inarudi mwanzo na ripoti yangu inaonekana ya kijinga. Hiyo ni sababu. Nimeishika miaka mingi kama sababu. Lakini nikijikumbuka nimekaa pale, mkono juu ya kipanya, simkumbuki mtu mwenye hofu. Namkumbuka mtu ambaye hakujali, mtu anayesubiri saa ya chakula.

Nyuma ya plaiwudi tulimsikia Mzee Kato akiongea na kamati ya ujenzi. "Hakuna tatizo, ni kijana tu ana wasiwasi... Ndiyo... Wa kisiwani huyo, anahesabu kwa vidole." Deus alikuwa amekaa mbele yangu, anasikia kila neno. Akachukua futi yake ya plastiki akaifuta vumbi, taratibu, pande zote.

Asubuhi iliyofuata alikuja Masanja. Chai ilikuwa mezani na maandazi kwenye gazeti. "Shikamoo mzee," akamsalimia Mzee Kato aliyetoka chumbani kwake na miwani mkononi. "Nondo za nguzo zimeshafungwa. Kesho tunamwaga zege ama hatumwagi? Vijana wanarara tu pale." Mzee Kato akaniangalia. Akaniuliza kwanza kwa Kihaya, taratibu, kama baba, halafu akarudia kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. "Adela. Ile kona umeipima?" Nilikuwa namimina chai. Nakumbuka birika lilikuwa la bluu na mfuniko wake umefungwa kwa waya. Nikasema, "Nimeipima." "Ikoje?" "Iko ndani."

Basi. Nilidhani Deus atapandisha hasira. Nilikuwa najiandaa kabisa, akisema lete tuone, nitasema umeme ulikatika kabla sijahifadhi. Hakusema lete tuone. Aligeuka akaniangalia, si kwa hasira, kwa mshangao wa mtu aliyeamka usingizini, halafu akamgeukia Mzee Kato. "Samahani mzee. Kama Adela ameipima, basi mimi ndiye niliyekosea." Akakusanya zile karatasi kumi na moja akazikunja katikati. Masanja akachukua andazi, akashuka ngazi kwenda kuandaa zege.

Mchana tulishuka kula kama kawaida. Deus alinilipia, jambo ambalo hakuwa analifanya katikati ya mwezi. Akakaa bila kugusa sahani. "Dada, ulipata ngapi?" "Wapi?" "Kwenye kona." Nilikuwa natoa mwiba kwenye sato. Nikasema, "Tatu nukta nne." Sijui namba hiyo ilitoka wapi. Si tarehe ya kitu chochote, si namba ya nyumba yetu. Ilikuja tu mdomoni. Akaitoa kalamu sikioni, akaiandika nyuma ya pakiti ya kiberiti. "Tatu nukta nne," akasema. "Basi nimekosea sana. Zaidi ya mara mbili." Akatafakari. "Sijui ni wapi. Nikipata wapi, nitakwambia." Kisha akala, na akanitania kwamba nakula samaki kama paka wa paroko.

Mwaka uliobaki ulipita bila kelele. Mzee Kato alisaini kitabu changu mpaka ukurasa wa mwisho. Cha Deus kilikaa mezani kwake, leo kesho, leo kesho, akimwambia kwanza atulie, ajifunze kuamini vyombo. Deus hakulalamika, na hilo ndilo lililonishangaza, maana alikuwa na haki ya kulalamika hata kama angekuwa amekosea kweli. Alikuwa amevunjika mahali fulani. Alianza kuniuliza vitu alivyovijua kuliko mimi. "Dada, niangalizie hii," ananiletea hesabu ya boriti ambayo mtoto wa mwaka wa pili angeiweza, na ipo sahihi, kila mara ipo sahihi, nami namwambia iko sawa. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza akaniambia amepata nafasi ya kufundisha kwao. "Kule nikikosea anafeli mtoto mmoja, anarudia mtihani," alisema. "Hafi mtu." Nilimsindikiza bandarini. Nilimbebea begi lake la vitabu. Aliniachia michembe iliyobaki, nikaila wiki nzima, na nilipoimaliza nikakung'uta mfuko nikautumia kuwekea kandambili.

Watu huuliza mtu anawezaje kuishi na jambo kama hilo. Jamani, unaishi. Niliolewa, nikapata watoto, nikafungua ofisi yangu mwenyewe, nikapata jina kwa ukali wa kukagua kazi za wengine. Kila nikipita Ilemela kwenda uwanja wa ndege naiona ile hosteli mlimani, imepakwa rangi ya krimu, nguo za wasichana zimeanikwa kwenye baraza za kona ya ziwani. Kuna mwaka ardhi ilitikisika mchana, nikiwa benki kwenye foleni. Wenzangu wote walikimbilia nje, mimi nikabaki nimeshika kaunta nikiifikiria ile kona. Jioni nikasikia imesimama, ina ufa kidogo upande wa ziwani, wameupiga lipu. Nikasema sawa. Ningeweza kuipima siku yoyote. Nakala ya michoro ninayo, nimehama nayo nyumba tatu, ipo kwenye bomba la plastiki juu ya kabati. Programu ninayo, na siku hizi hata ule ufunguo wa kijani hautakiwi. Ni kazi ya siku moja. Miaka zaidi ya ishirini na tano, na sikuipata hiyo siku moja.

Pale msibani, nilipomaliza kula, Bernadeta aliniita chumbani. Chumba kidogo, kitanda, sanamu ya Bikira Maria, na kabati la vitabu alilolitengeneza Deus mwenyewe, limekaa wima kabisa. Akatoa madaftari ya shule, yale ya kurasa mia moja, tisa, yamefungwa kwa utepe. "Alikuwa hataki tuyaguse," akasema. "Kila likizo anakaa pale nje na daftari, anatafuta alikosea wapi. Nikimuuliza, Baba Neema, hiyo hesabu haiishi? Ananiambia Adela alipata tatu nukta nne, na mimi kila nikienda napata nane, kuna kitu kinanipita." Alicheka kidogo, akafuta macho. "Wanafunzi wake aliwafundisha hivyo hivyo. Aliwaambia, mimi niliwahi kuwa na uhakika na nilikosea, kwa hiyo hakikisheni. Mwaka jana akachoka. Akaniambia, Mama Neema, akili yangu ilikuwa na mwisho wake." Nikafungua daftari la kwanza. Mwandiko wake ule ule. Juu ya kila ukurasa, ndani ya duara, 3.4. Na chini ya kila ukurasa, kwa njia moja au nyingine, nane na kitu, na pembeni ameandika "bado". Nililifunga nikamrudishia. "Alikuwa mtu makini," nikasema. Bernadeta akanikumbatia.

Nilirudi Mwanza Jumatano. Jumamosi nikateremsha bomba juu ya kabati. Karatasi zilikuwa zimekuwa za njano na zinanuka dawa ya mende. Nikaanza saa mbili asubuhi, nguzo kwa nguzo, jiwe likiwa mahali pake, kona ikiwa mahali pake. Binti yangu alinipitishia chai, akauliza mbona nafanya kazi ya zamani, nikamwambia kuna kitu nilisahau. Saa tisa alasiri jengo lilikuwa tayari. Nikalisukuma. Nikabofya pointi ya chini ya kona ya ziwani, nikabofya ya juu yake. Nane na nukta tatu. Deus alipata nane na nukta moja, kwa kalamu, kwenye karatasi kumi na moja, akiwa na miaka ishirini na saba. Tofauti hiyo kwa hesabu ya mkono ni ya kupigiwa makofi. Nikabofya mara ya pili, na ya tatu, kana kwamba namba ingenionea huruma. Kubofya kwenyewe kulichukua muda kama wa kuwasha taa.

Jumatatu niliwaandikia wenye hosteli. Mwenyekiti wao alikuja mwenyewe ofisini, mzee wa heshima, akaniuliza swali ambalo ningeuliza mimi: "Injinia, mbona limesimama miaka yote hii?" Nikamwambia halijasukumwa vya kutosha. Wasichana wa vyumba vya ziwani wamehamishwa, na pale chini ya kona, kati ya zile nguzo ndefu, zitajengwa kuta mbili za zege. Kwenye ripoti kuna mahali pa kuandika nani amehesabu na nani amekagua. Kwenye kuhesabu niliandika majina ya Deus, yote matatu. Kwenye kukagua niliandika langu. Mwenyekiti akauliza huyu Deus ni nani, anapatikana wapi. Nikamwambia amefariki. Akasema pole sana, nami nikasema tumeshapoa.

Halafu nikapiga simu Nansio. Ilikuwa mchana, nasikia kuku na mtu anakwangua sufuria. "Wifi Adela!" Bernadeta akaitikia kwa furaha. "Hujambo? Watoto hawajambo?" Nikamwambia hawajambo. Nikamwambia, wifi, Deus hakukosea. Kona ilikuwa nane, kama alivyosema, tangu siku ya kwanza. Mimi sikuipima. Nilisema nimeipima na sikuipima.

Sufuria ikaacha kukwanguliwa. "Na ile tatu nukta nne?" akauliza.

"Niliitunga."

"Uliitunga."

"Ndiyo. Tulikuwa tunakula, akaniuliza, nikaitunga."

"Likizo zote zile," akasema, si kwangu. Kisha nikamsikia anavuta pumzi. "Alipolazwa aliniuliza kama utakuja kumwona. Nikamwambia Adela ana kazi nyingi." Nje ya dirisha langu mtu alikuwa anapakua saruji. "Haya," akasema Bernadeta, sauti imetulia kabisa. "Asante kwa kusema. Misa ya arobaini ni Jumamosi, tarehe ishirini na nane, saa nne asubuhi."

Nikavuta kalamu na karatasi. "Nimekusikia, wifi. Tarehe ishirini na nane."

"Usije, Injinia."

Nilikuwa nimeshaandika tarehe.